Kishikwambi: Kununua Sasa au Kusubiri Toleo Jipya?

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mnunuzi wa kishikwambi hujikuta katikati ya methali hizo. Akinunua leo, anahofia kwamba mwezi ujao litatoka toleo bora zaidi; akisubiri, kazi aliyokihitajia kifaa hicho inalala. Katika somo hili tunakusudia kumwonyesha mlaji namna ya kupima pande zote mbili, ili uamuzi wake utokane na hesabu yake mwenyewe, wala si matangazo au maneno ya muuzaji.

Kishikwambi si kitu kigeni tena kwetu. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi, na baada ya kazi hiyo Serikali ikavigawa kwa walimu. Hata hivyo, kwa kaya nyingi bei ya kifaa hiki ni akiba ya miezi kadhaa. Kosa katika ununuzi wake halisahauliki upesi.

Hatua ya kwanza: itaje kazi

Kabla ya kuuliza toleo gani linakuja, andika kwenye karatasi kazi ambayo kishikwambi kitafanya. Kusoma vitabu na mitihani iliyopita, kuhudhuria masomo kwa njia ya video, kutunza hesabu za duka na kuwaonyesha wateja picha za bidhaa ni kazi ambazo vifaa vya bei ya kati vilivyotoka miaka miwili iliyopita huzimudu vizuri. Kuhariri video ndefu au kuchora michoro ya kihandisi huhitaji kifaa chenye nguvu zaidi. Ikiwa kazi yako ni ya kundi la kwanza, tofauti kati ya toleo la leo na la kesho huenda usiione kabisa.

Hatua ya pili: ielewe kalenda ya matoleo

Wengi huamini kwamba kila mwaka huja na toleo jipya katika mwezi uleule. Historia haithibitishi hivyo. Samsung ilitangaza Galaxy Tab S8 mwezi Februari 2022, lakini Tab S9 haikutangazwa hadi Julai 2023, yaani baada ya miezi 17. Kampuni ya Apple, iliyoanza kuuza iPad mwezi Aprili 2010, iliumaliza mwaka 2023 wote bila kutoa iPad mpya hata moja. Aliyeanza kusubiri Januari mwaka huo alifika Mei 2024 ndipo akaona mpya.

Imani nyingine ni kwamba toleo jipya likitoka, la zamani hushuka bei papo hapo. Hutokea, lakini si kanuni. Oktoba 2022, iPad ya kizazi cha kumi ilipotangazwa nchini Marekani kwa dola 449, ile ya kizazi cha tisa iliendelea kuuzwa na kampuni yenyewe kwa dola 329, bei ileile iliyokuwa nayo kabla. Aliyesubiri nafuu hakuipata.

Kwa hiyo tunashauri hivi: ikiwa kampuni imekwisha kutangaza rasmi toleo jipya na tarehe yake iko karibu, kusubiri wiki chache kuna maana. Ikiwa kinachosikika ni tetesi tu, usiifunge akiba yako kwa tetesi.

Hatua ya tatu: pima uhai uliobaki

Swali zito kuliko "Ni kipya?" ni "Kitaendelea kupokea masasisho ya usalama hadi lini?" Masasisho hayo ndiyo yanayoziba mianya ambayo wahalifu huitumia kuiba nywila na fedha. Yakikoma, kifaa hakifi siku hiyo, lakini hatari huongezeka, na baada ya muda programu za benki na za malipo huweza kukikataa. Muda wa masasisho huanza kuhesabiwa tangu toleo lilipoingia sokoni, wala hauanzi siku uliyonunua. Kifaa kilichokaa dukani miaka mitatu kimekwisha kula sehemu kubwa ya uhai wake hata kama boksi halijafunguliwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kishikwambi cha kwanza kinauzwa shilingi 300,000 na kimebakiza miezi 12 ya masasisho. Cha pili kinauzwa shilingi 480,000 na kimebakiza miezi 48. Gawanya bei kwa miezi: cha kwanza kinakugharimu shilingi 25,000 kwa mwezi, cha pili shilingi 10,000. Kilichoonekana rahisi ndicho ghali.

Hatua ya nne: hesabu gharama ya kusubiri

Kusubiri nako kuna bei. Tuseme ni mwanzoni mwa Julai, na mzazi ana mtoto atakayefanya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba. Kila wiki mtoto hutumia shilingi 4,000 kwa nauli na malipo ya kompyuta mjini ili asome mitihani iliyopita. Kishikwambi kinachomfaa kinauzwa shilingi 450,000, na mzazi anatarajia kwamba kufikia mwisho wa Oktoba kitashuka hadi shilingi 400,000. Wiki 16 za kusubiri zitamgharimu shilingi 64,000 ili aokoe shilingi 50,000, tena kwa matarajio tu. Zaidi ya hayo, kifaa kitafika wakati mtoto anaingia chumba cha mtihani. Mzazi huyu anunue sasa.

Jirani yake ana kishikwambi cha zamani ambacho bado kinapokea masasisho na kinatunza chaji siku nzima. Anavutiwa tu na kioo kikubwa zaidi. Kusubiri hakumgharimu chochote. Huyu asubiri, na huenda akagundua kwamba kubadilisha betri kutamtosha kwa miaka mingine.

Yupo pia wa tatu, ambaye anahitaji kifaa lakini hana fedha taslimu, na anashawishiwa kulipa kidogo kidogo kila siku. Huyu ajumlishe malipo yote hadi ya mwisho kabla ya kutia saini. Ikiwa jumla inaizidi mno bei ya taslimu, kusubiri miezi michache huku akiweka akiba ni busara kuliko deni.

Ukishaamua kununua

Washa kifaa mbele ya muuzaji, fungua sehemu ya mipangilio, na hakikisha jina la toleo, hifadhi na tarehe ya sasisho la mwisho vinalingana na ulichoelezwa. Kumbuka kwamba sehemu ya hifadhi huchukuliwa na mfumo wenyewe. Kifaa cha GB 32 hujaa upesi. Ikiwa kinatumia laini ya simu, tafuta namba yake ya IMEI kwenye mipangilio au kwa kubonyeza *#06#, ilinganishe na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kuthibitisha uhalali wake. Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, yenye muda na jina la duka. Bila karatasi hizo, malalamiko yako yatakosa miguu ya kusimamia.

Maswali ya kujipima

1. Ni kazi gani hasa ninayoikosa leo kwa kutokuwa na kishikwambi, na inanigharimu kiasi gani kwa wiki?
2. Toleo ninalolisubiri limetangazwa rasmi, au nimelisikia tu?
3. Kifaa ninachokitaka kimebakiza miezi mingapi ya masasisho, na kila mwezi utanigharimu shilingi ngapi?
4. Je, ninalipa kwa akiba au kwa deni?

Mwenye majibu ya maswali haya manne hatajuta litakapotoka toleo jipya. Nalo litatoka, kwa kuwa matoleo hayaishi; kinachokwisha ni akiba yako na muda wako.