Jembe Lililopanda Ndago: Mafunzo Niliyopata Kibaha na Kisarawe

Mwaka 2019 ofisi yetu ilipohamia Dodoma, nilifunga nyumba yangu ya Visiga, Kibaha, nikamwachia jirani ufunguo. Nyuma ya nyumba niliacha bustani ya mboga, hatua kumi na mbili kwa nane, matuta sita ya mchicha, bamia na nyanya chungu. Niliporudi Machi 2023 sikuiona. Pori lilikuwa limefika dirishani, na mjumbe alishakuja mara mbili kumuulizia mwenye nyumba kwa sababu watoto walimwona nyoka akizama humo. Kuitafuta ile bustani kumenichukua mwaka na ushee. Ninayoyaandika hapa mengine niliyajua kwa kuharibu, na mengine nilifundishwa na shangazi yangu anayelima mihogo na mikorosho Maneromango, wilayani Kisarawe.

1. Jembe si la kuanzia

Jumamosi ya kwanza niliita vijana wawili, mmoja na fyekeo, mwingine na jembe. Masika ilikuwa imeshaanza kudondosha. Kufikia alasiri udongo ulikuwa mtupu, umetifuliwa vizuri, nami nimeshapiga picha na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Watu wakapongeza. Shangazi peke yake akatuma sauti: “Na mizizi umeipeleka wapi, baba?”

Wiki ya tatu bustani nzima ilikuwa kijani, urefu mmoja, kama vile mtu kapita usiku akimwaga mbegu. Ndago tupu.

Nikapanda gari hadi Kibamba, nikaunganisha kwenda Kisarawe na kutoka hapo Maneromango, nimebeba ndago tatu ndani ya mfuko kama mgonjwa anayepeleka choo maabara. Shangazi hakuzitazama hata. Alinipeleka pembeni mwa shamba lake, akachuchumaa, akafukua kwa kidole kuzunguka shina moja. Chini kulikuwa na kiazi kidogo cheusi, kigumu, kama punje ya njugu iliyokauka. Kutoka hapo uzi mwembamba ulikwenda pembeni hadi kwenye kiazi kingine, kisha kingine. Alifuata taratibu, akipuliza mchanga, mpaka vikatoka vitano vimetungwa kama tasbihi.

“Vikiwa hivi, anayeota ni mmoja au wawili, wengine wamelala,” akasema. “Wewe umekata uzi. Sasa kila mmoja kaamka na kaya yake.”

Ndivyo ilivyo. Kiazi kilichoshikamana na wenzake huzuiwa kuchipua. Jembe likikitenga, kinachipua. Mimi nililipa vijana wawili ujira wa kutwa wanipandie ndago, tena msimu wa mvua. Mwaka 1977 LeRoy Holm wa Marekani na wenzake walipotoa kitabu kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani, ndago ndiyo waliyoiweka namba moja. Nilipolisoma hilo nilifarijika kidogo. Kumbe sikupigwa na jani la uchochoroni.

2. Nailoni haizibi kitu

Fundi mmoja alinishauri nitandike nailoni nyeusi, jua liyapike majani humohumo. Kwa majani mengine inasaidia. Ndago ina ncha kama sindano ya kushonea magunia. Siku ya nane nailoni ilikuwa imetobolewa kila mahali na vichwa vya kijani vimetokeza. Nikaikunja, nikafunikia kuni.

3. Palizi ya kweli ni ya kiangazi

Sisi wa mjini tunakumbuka bustani mvua zinaponyesha. Shangazi aliniambia nisiguse chochote mpaka Juni. Masika ikaisha, udongo ukakauka juu, ndipo nikaingia na uma badala ya jembe. Uma unainua udongo bila kukata nyuzi, na udongo wetu wa kichanga unadondoka wenyewe ukitikisa. Viazi hivyo nilivikusanya kwenye ndoo, kisha nikavianika juu ya bati. Vya kwanza nilikuwa nimevitupa jalalani penye unyevu, vikaota huko pia.

Kiazi cha ndago kinaogopa kitu kimoja: kukaukishwa. Siku kadhaa za jua la Agosti juu ya bati na hakina uhai tena. Lakini si kazi ya siku moja. Kila tuta nililirudia mara tatu, kwa sababu vilivyosalia vilichipua nami nikavifuata kabla majani hayajapata nguvu ya kutengeneza viazi vingine. Nilianza na matuta mawili tu. Manne niliyaacha na pori lake, nikawa nalifyeka lisitoe mbegu. Jirani alinicheka kwamba nimenyoa upande mmoja. Sawa, lakini ule upande mmoja ulikuwa wangu.

4. Upupu una saa yake

Upande wa ukuta kulikuwa na upupu uliotambaa juu ya mpapai uliokufa. Niliufyeka Julai, maganda yamekomaa, upepo unavuma kuja kwangu. Sitaki kueleza sana. Nilijikuna shingo mpaka magharibi, na shati nililichoma moto. Upupu unakatwa ukiwa kijani, kabla ya maganda, asubuhi kukiwa na umande. Na kuna jamii yake isiyowasha ambayo wakulima huipanda makusudi ifunike shamba na kurutubisha udongo, kwa hiyo hata ukoo huu una watu wema.

5. Samadi ya bure ina bei

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana nililifanya baada ya kudhani nimeshaerevuka. Septemba, matuta mawili yakiwa safi, nilipata samadi ya zizini bila kulipa, viroba sita. Nikaimwaga mbichi. Mvua ya kwanza iliponyesha nilivuna mchicha wenye miiba na mbigili, vitu ambavyo hapo nyuma havikuwapo kabisa. Ng'ombe anakula majani na mbegu zake, na nyingi zinapita tumboni salama.

Sasa naweka samadi lundo, naimwagia maji, nafunika kwa majani ya mgomba, nageuza kila baada ya wiki mbili. Katikati nachomeka kijiti kirefu. Nikikichomoa, kiganja kishindwe kukishika. Joto likipita nyuzi 55 na likakaa siku kadhaa, mbegu nyingi hufa. Lundo likipoa bila kupata moto, nalianza upya. Mbolea ya kuku, ambayo Kibaha haitafutwi kwa tochi, nayo huingia kwenye lundo. Ikiwekwa mbichi inaunguza miche.

6. Udongo mtupu hauachwi wazi

Nilitaka kupanda nyanya mara moja. Shangazi akanipa mzigo wa marando ya viazi vitamu, umefungwa kwa ukindu. “Ndago inachukia kivuli,” alisema. “Mtandikie.”

Nilipanda vuli ilipoanza, ile ya mwaka 2023 iliyokuja na El Nino. Mvua zilivunja tuta moja na kuhamisha udongo hadi mlangoni kwa jirani, nikaenda kuomba radhi na beleshi mkononi. Tuta lililobaki lilifunikwa na marando mpaka Desemba hakuonekani mchanga. Chini yake ndago ilitoka njano, nyembamba, ukiivuta inakuja bila ubishi. Na kwa miezi yote hiyo nilikula matembele, kwa hiyo hata kusubiri kulikuwa na mboga. Kwenye matuta mengine, niliyoyasafisha baadaye, niliweka mbaazi na kunde, kwa sababu hiyohiyo. Nyanya zilisubiri mpaka mwaka uliofuata.

Kivuli hakiji siku ya kwanza, hata hivyo. Mihogo ya shangazi yenyewe, ambayo mwishowe hufunika kila kitu, asipoipalilia miezi mitatu ya mwanzo inabaki vijiti. Yeye huparua, jembe amelilaza, halizami.

7. Uliza kabla ya kutupa

Katika lundo nililong'oa, nilikuwa nimerundika mchunga mwingi, nikijisifu kwa kuumaliza. (Haumaliziki, kipande cha mzizi kikibaki, unarudi.) Nilipomtumia shangazi picha ya lundo hilo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko Visiga nazi zimeadimika. Mchunga ukiuchemsha, ukamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, ukautia tui zito, wali hautoshi. Nilikuwa nimetupa mboga ya mwezi mzima ili nipate nafasi ya kupanda mboga.

Shangazi alikuja Visiga mwezi wa Juni uliofuata. Matuta matano yalikuwa na kitu, la sita nimeliacha na ndago mpaka jua likaze. Alipita katikati bila kusema neno, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya ukuta, akainama, akaanza kuchuma mchunga akiutia kwenye pindo la kanga. Kisha akaliangalia tuta la sita, akaomba jembe. Nikaingia ndani nikamletea uma.