Dondoo Muhimu: Kulitunza Dungusi la Krismasi

Dungusi hili, ambalo asili yake si jangwa bali ni misitu ya milima ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti na katika nyufa za majabali, halitaki jua kali wala ukame wa daima. Basi atakaye kuliona likichanua na ayazingatie haya:

1. Liweke penye nuru ya asubuhi na kivuli cha adhuhuri, kwani jua la mchana huzibabua pingili zake.
2. Tumia chungu chenye tundu, na udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga wa mto. Mchanga wa pwani usiutumie, kwani una chumvi idhuruyo mizizi.
3. Mwagilia udongo wa juu ukaukapo tu, wala usiache maji yakatuama kisahanini, maana mizizi huoza upesi.
4. Ukitaka maua, lipatie giza kamili la saa 12 hadi 14 kila usiku, mahali pa baridi kiasi, kwa muda wa wiki 6 hivi. Hata nuru ya taa hulizuia kuchanua.
5. Matumba yakishatokeza, usiligeuze wala kulihamisha, yasije yakapukutika.
6. Kwa kuzalisha, nyonga kipande cha pingili 2 au 3, kikaushe kivulini siku 1 au 2, ndipo ukipande.

Likitunzwa kwa subira, dungusi hili huishi miongo mingi, hata likarithiwa na watoto.