Kumlinda Kuku wa Kienyeji: Adui, Dalili Zake na Kinga Inayomfaa

Ni nadra kukikuta kijiji cha Tanzania kisichokuwa na kuku. Kuku wa kienyeji hujitafutia chakula mwenyewe, haombi matunzo mengi, na huwa ndiye akiba ya kwanza ya kaya inapohitajika chumvi, sabuni, daftari za watoto au kitoweo cha mgeni. Pamoja na hayo, mfugaji anayeanza mwaka na matetea watano mara nyingi humaliza mwaka akiwa nao watano wale wale, au pungufu. Sababu mojawapo ni ugonjwa wa mdondo, uitwao pia kideri. Sababu nyingine ni wanyama na ndege wanaokula kuku. Makala haya yanahusu sababu hii ya pili.

Hasara yake yafaa ipimwe kwa hesabu. Kabla ya kuatamia, mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15. Huyaatamia kwa siku 21, kisha huwalea vifaranga kwa wiki 8 au zaidi. Ukijumlisha muda wa kutaga, kuatamia na kulea, kundi moja la vifaranga huchukua karibu robo ya mwaka wa mama yao. Mwewe akiwamaliza vifaranga katika wiki mbili za mwanzo, kilichopotea si vifaranga peke yao, bali ni kazi yote iliyowaleta.

Kwa nini kuku ni windo rahisi

Asili kuu ya kuku wafugwao ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Ndege huyo hutafuta chakula chini mchana, na jua likitua hupanda mtini kulala. Kuku wa leo amerithi tabia hiyo pamoja na macho ya ndege wa mchana. Jicho lake lina seli nyingi za kupambanua rangi katika mwanga mkali, bali seli za kupokea mwanga hafifu ni chache kwa kulinganisha na zile za wanyama wa usiku. Kwa hiyo gizani kuku hutulia tu mahali alipo, hata adui akiwa karibu.

Adui wake ana macho ya namna nyingine. Nyuma ya retina ya paka, kanu na fungo kuna utando unaourudisha mwanga ili upokelewe mara ya pili. Ndiyo sababu macho ya wanyama hao hung'aa yanapomulikwa kwa tochi.

Wafugaji wengi hushangaa kukuta asubuhi kuku wanane wamekufa bandani, na aliyeliwa ni mmoja tu. Jambo hili limechunguzwa na wanasayansi. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, alieleza katika makala ya mwaka 1972 jinsi fisi walivyoua swala tomi zaidi ya 80 katika usiku mmoja wa giza nene, wakala wachache tu. Katika hali ya kawaida windo hukimbia, na mwindaji hupata mmoja au hakosi kurudi mikono mitupu. Windo lisipokimbia, tendo la kuua huendelea hata baada ya njaa kwisha.

Fundisho lake kwa mfugaji ni kubwa. Kuku aliyelala juu ya mti huweza angalau kuruka. Kuku waliofungiwa katika banda lenye tundu hawana pa kwenda, na adui akiingia huwamaliza. Hivyo banda bovu laweza kuwa baya kuliko kutokuwa na banda.

Kumtambua adui kwa dalili

Kinga yoyote huanza kwa kujua nani amekuja, saa ngapi, na alipita wapi. Dalili zifuatazo husaidia, ingawa dalili moja haitoshi. Yafaa zilinganishwe na nyayo, kinyesi na matundu yaliyoko bandani.

1. Kifaranga ametoweka mchana bila alama yoyote. Mara nyingi ni mwewe au kunguru. Katika miji ya pwani kunguru wa Kihindi ni adui mkubwa. Ndege huyo aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, kisha akaenea bara.

2. Manyoya mengi yamenyonyolewa na kulundikana mahali pamoja penye uwazi. Huyo huwa ndege wa jamii ya kipanga, kwani hunyonyoa windo kabla ya kulila.

3. Kuku kadhaa wameumwa shingoni usiku na wengi hawakuliwa. Yafaa kumshuku kanu, nguchiro wa usiku, kicheche au paka.

4. Ubao umeng'olewa au ukuta umefukuliwa kwa nguvu. Nyegere ana kucha na misuli ya kufanya hivyo.

5. Mayai yametoweka yote bila maganda. Yawezekana ni kenge au nyoka. Ganda lililobonyezwa na kutemwa likiwa kama kifurushi ni kazi ya nyoka mla mayai, ambaye hana sumu.

6. Yai limepasuliwa kwa kugongwa kwenye jiwe. Nguchiro milia hulirusha yai nyuma, kati ya miguu yake, hadi livunjike.

7. Mtetea anayeatamia amekutwa amekufa, na vifaranga wamebaki mifupa na manyoya. Hao ni siafu.

Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba mzoga ulioliwa si ushahidi kamili. Huenda kuku alikufa kwa mdondo usiku, na mnyama akaukuta mzoga tayari. Kundi likifa mfululizo bila majeraha, anayehitajika ni mtaalamu wa mifugo pamoja na chanjo.

Kinga ya usiku

Uimara wa banda hupimwa kwa tundu lake lililo kubwa kuliko yote. Mnyama mwembamba kama kanu hupita popote kichwa chake kinapopita. Wavu wa kawaida wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5 humzuia kanu, lakini panya wadogo na nyoka wembamba hupita. Wavu wa matundu ya sentimita 1.2 ni bora zaidi, hasa sehemu ya chini na penye viota. Asiye na wavu aweza kutumia fito zilizopangwa kwa karibu na kukandikwa udongo, akiacha nafasi nyembamba za hewa juu.

Banda liinuliwe juu ya nguzo kiasi cha mita moja. Kila nguzo ivishwe bati laini lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, kwa namna ile ile itumikayo katika maghala ya nafaka kuzuia panya. Mahali penye siafu, miguu ya nguzo isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Matawi ya miti yanayogusa paa yakatwe, kwani bati la nguzo halina faida ikiwa kanu aweza kushuka kutoka juu. Mlango uwe na komeo, na ufungwe kabla giza halijaingia. Banda zuri lisilofungwa usiku mmoja ni sawa na lisilojengwa.

Kinga ya mchana

Mchana walio hatarini zaidi ni vifaranga. Njia rahisi ni kuwaweka ndani ya tenga kubwa lililofunikwa, pamoja na maji na chakula chao, kwa wiki 4 za mwanzo au zaidi. Vichaka vifupi karibu na nyumba viachwe ili kuku wapate pa kujificha wakati mwewe apitapo.

Jogoo naye ni mlinzi. Utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1980 umeonyesha kwamba kuku wana milio tofauti ya hadhari: mmoja kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini. Wakisikia ule wa kwanza hukimbilia kivulini na kujibanza. Wakisikia wa pili huinua vichwa na kutazama pande zote. Sanamu za kutishia ndege hufaa kwa siku chache tu, kwa kuwa ndege huzoea kitu kisichowadhuru.

Sumu si kinga

Baadhi ya watu hutia dawa ya wadudu katika nyama na kuitega. Tendo hili ni la hatari. Sumu haichagui: humwua mbwa wa jirani, tai alaye mzoga, na kuku mwenyewe akidonoa mabaki, tena yaweza kumwua mtoto. Zaidi ya hayo, kanu, nguchiro na bundi hula panya. Wakiangamizwa, panya huongezeka, nao hula mayai, vifaranga na nafaka ghalani. Hivyo mfugaji hujiondolea adui mmoja na kumkaribisha mwingine. Kumzuia mnyama asiingie bandani hakuvunji uhusiano huo. Humwacha aendelee kuwinda panya nje.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Kagua banda moja kijijini. Pima kila tundu kwa rula, uandike ni adui gani aweza kupita.

2. Mwaga majivu au mchanga laini kuzunguka banda jioni. Asubuhi chora nyayo zilizopatikana.

3. Kusanya vitonge vinavyotemwa na bundi chini ya mti anaolala. Vikaushe, vifungue kwa kibano, na kunawa mikono baadaye. Hesabu mafuvu ya panya. Je, bundi huyo ni adui au rafiki wa mfugaji?

4. Makundi mawili ya vifaranga yalelewe, moja ndani ya tenga na jingine huru. Baada ya wiki 4 linganisha idadi ya waliobaki. Kwa nini makundi yote mawili yanapaswa kupewa chakula na chanjo zilizo sawa?