Mbadala wa Majarini Jikoni: Kijitabu cha Elimu ya Afya kwa Kaya

Majarini ni mafuta ya kupaka na kupikia yanayotengenezwa kiwandani kwa kuchanganya mafuta, hasa ya mimea, na maji, chumvi, vitamini, pamoja na viambato vinavyoshikanisha mafuta na maji visitengane. Majarini ya kawaida huwa na takriban asilimia 80 ya mafuta na asilimia 16 ya maji, ilhali ile inayouzwa kuwa nyepesi huweza kuwa na mafuta nusu tu ya uzito wake, na kwa sababu hiyo haifai kuokea ingawa hupakika vizuri kwenye mkate. Katika Kenya na Tanzania wengi huiita Blue Band hata inapokuwa ya kampuni nyingine, na wengine huiita siagi, jambo linalofanya lebo ya kopo kuwa shahidi wa kuaminika kuliko jina linalotajwa dukani, kwa kuwa siagi halisi hutokana na maziwa peke yake.

Kijitabu hiki kinaeleza namna kaya inavyoweza kuchagua mbadala wa majarini bila kuharibu chakula na bila kubadili kasoro moja kwa nyingine. Hoja yake ni kwamba hakuna mbadala mmoja unaofaa kila chungu: mpishi hana budi kujua kwanza mafuta yanafanya kazi gani katika chakula anachokiandaa, kisha atumie mafuta ya maji popote yanapotosha, na mafuta yanayoganda ayaweke kwa vyakula vichache visivyoweza kufanyika bila hayo.

Sababu za kutafuta mbadala

Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya mfalme Napoleon III kutangaza tuzo kwa atakayepata mafuta ya bei nafuu ya kuchukua nafasi ya siagi, na mwanzoni ilitokana na mafuta ya ng'ombe. Mafuta ya mimea yalipata nafasi kubwa baada ya Mjerumani Wilhelm Normann kupata hataza, mwaka 1902, ya njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa kuyaongezea haidrojeni. Njia hiyo inapokomeshwa katikati, yaani mafuta yanapoongezewa haidrojeni kwa sehemu tu, huzaa mafuta ya transi, ambayo ni mafuta yaliyobadilika umbo la molekuli zake kiasi cha kupandisha lehemu mbaya katika damu na wakati huohuo kushusha lehemu nzuri, na hivyo kuharakisha kuziba kwa mishipa ya moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta hayo yasizidi asilimia 1 ya nishati ambayo mtu huipata kwa siku, kiasi ambacho kwa mlaji wa kilokalori 2,000 ni kama gramu 2.2, na mwaka 2018 lilizitaka nchi zote kuyaondoa yale yanayotokana na viwanda.

Haki inataka ielezwe pia kwamba viwanda vingi vimekwisha kuacha njia hiyo na sasa hugandisha majarini kwa mafuta ya mawese au kwa kupanga upya asidi za mafuta bila kuzaa transi. Kwa hiyo si kila kopo lina hatari ileile. La kuepukwa ni lile ambalo orodha ya viambato vyake inataja neno lenye asili ya haidrojeni, hasa linapoambatana na maelezo kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu.

Linalobaki ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale ambayo molekuli zake zimekwisha kubeba haidrojeni yote zinayoweza kuibeba, nayo kwa kawaida huganda yakiwa mahali penye baridi. Mafuta haya nayo hupandisha lehemu mbaya, na ushauri ni kwamba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 22 kwa mlaji aliyetajwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Siagi na samli zina mafuta yaliyoshiba karibu asilimia 60 ya mafuta yake, mafuta ya nazi huvuka asilimia 80, na ya mawese hukaribia nusu, wakati ya alizeti ni kama asilimia 11 tu, na ya ufuta kama 15. Kuhama kutoka majarini laini isiyo na transi kwenda kwenye samli, kwa sababu tu samli ni ya asili, ni kubadili ladha, si kuulinda moyo.

Jambo lingine ni vitamini A, ambayo huongezwa katika majarini nyingi. Historia ya Denmark inaonyesha uzito wake: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, siagi ilipokuwa ikiuzwa nje na familia maskini zikatumia majarini ambayo wakati huo haikuongezewa vitamini, daktari Carl Bloch alikuta watoto wengi wenye ugonjwa wa macho unaotokana na ukosefu wa vitamini A, na ugonjwa huo ukapungua siagi ilipoanza kugawiwa wananchi mwishoni mwa mwaka 1917. Kaya inayoacha majarini, kwa hiyo, yafaa itazame vitamini hiyo itatoka wapi sasa: katika mafuta ya kupikia yaliyorutubishwa na kufungwa kiwandani, katika mawese mekundu, maembe, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai, maini au mboga za majani.

Kazi ya mafuta katika unga

Mafuta katika unga wa ngano huzuia nyuzi za protini ya ngano kushikana na kukaza, ndiyo maana biskuti humeguka na chapati hulainika. Katika keki, mafuta yaliyoganda yanaposagwa pamoja na sukari hunasa viputo vidogo vya hewa ambavyo baadaye huvimbishwa na joto la oveni. Kazi ya kwanza hufanywa vizuri na mafuta ya maji, lakini ya pili hayaiwezi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila uchaguzi unaofuata.

Chapati, maandazi na mikate ya kila siku

Chapati za kusukuma hazihitaji majarini hata kidogo, kwa maana tabaka zake hutokana na utando wa mafuta uliopakwa juu ya donge lililosukumwa kabla halijaviringishwa, na mafuta ya alizeti hufanya kazi hiyo barabara ikiwa unga umekandwa kwa maji ya uvuguvugu na kuachwa upumzike kwa muda wa nusu saa. Anayependa harufu ya samli huweza kuchanganya kijiko kimoja cha samli katika mafuta ya maji, akapata harufu bila kuongeza sana mafuta yaliyoshiba.

Wapishi wa pwani walikwisha kupata jibu la maandazi muda mrefu, kwani mahamri hukandwa kwa tui la nazi, iliki, sukari na hamira, na tui hilo lina mafuta ya kutosha kuulainisha unga, hivyo kuongeza majarini juu yake ni gharama isiyo na faida. Tui nalo lina mafuta yaliyoshiba, na maandazi hunywa mafuta mengine karaini, kwa hiyo tui jepesi hutosha kwa chakula cha kila siku na tui zito likabaki la sikukuu. Vitumbua na mkate wa kumimina havina haja ya mjadala, maana havikuwahi kutegemea majarini.

Keki na biskuti

Keki ndiyo inayowatia wapishi wasiwasi, na wasiwasi huo una msingi. Anayemimina mafuta ya maji kwenye sukari na kuyapiga akitarajia yawe meupe na mepesi kama majarini atachoka bure, kwa kuwa hewa haikai humo. Njia sahihi ni kuihamishia kazi hiyo kwenye mayai: mayai na sukari hupigwa pamoja mpaka yavimbe na kuwa meupe, mafuta yakamiminwa kidogokidogo huku yakipigwa, kisha unga uliochekechwa pamoja na hamira ya keki ukachanganywa polepole kwa mwiko. Kwa kuwa majarini si mafuta matupu, kila gramu 100 zake hubadilishwa kwa mililita 90 za mafuta, yaani vijiko sita vya chakula, pamoja na kijiko kimoja cha maziwa au maji. Na robo kilo hubadilishwa kwa mililita 220 za mafuta na vijiko vitatu vya maziwa visivyojaa. Chembe ya chumvi huongezwa, maana ile ya majarini haipo tena. Keki ya namna hii huwa na chembechembe nzito kidogo kuliko ya majarini, lakini hukaa laini siku nyingi zaidi.

Sehemu ya mafuta, isiyozidi nusu, huweza pia kubadilishwa kwa ndizi mbivu zilizopondwa, boga lililochemshwa au mtindi, na hapo nishati hupungua kwa kweli, jambo ambalo mafuta ya maji peke yake hayalifanyi kwa sababu kila gramu ya mafuta yoyote ina kilokalori 9. Ndizi na boga vina sukari yake, kwa hiyo sukari ya kwenye kipimo hupunguzwa.

Biskuti za kumeguka ni kundi lililo tofauti, kwani mafuta ya maji huzifanya zitandae na kuwa ngumu. Hizi ni haki ya siagi au samli, kwa kiasi na kwa siku maalumu. Samli haina maji, hivyo gramu 80 zake hutosha mahali pa gramu 100 za majarini. Mafuta ya nazi yanafaa pia, ila huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 au 25 za Selsiasi, kwa hiyo mpishi wa Mbeya au Nairobi huyakuta yameganda asubuhi wakati yule wa Dar es Salaam au Mombasa hana budi kuyaweka kwenye jokofu kabla ya kuanza.

Kupaka mkate na kutia uji

Juu ya mkate, parachichi lililopondwa kwa ndimu na chumvi kidogo lina takriban asilimia 15 ya mafuta, mengi yasiyoshiba, na ndimu huchelewesha rangi yake kugeuka. Siagi ya karanga nayo hushibisha zaidi kwa sababu ina protini.

Desturi ya kutia kijiko cha majarini katika uji wa mtoto ina nia njema, kwani mtoto aliye chini ya miaka miwili anahitaji mafuta mengi kulingana na udogo wa tumbo lake na hapunguziwi mafuta kama mtu mzima. Hata hivyo kijiko cha mawese mekundu, parachichi lililopondwa, maziwa au karanga zilizosagwa laini kabisa humpa nishati pamoja na virutubishi vingine. Karanga huanza kutolewa kwa kiasi kidogo huku mtoto akiangaliwa, kwa kuwa wachache huwadhuru, na nzima hazitolewi kabisa kwa sababu humkaba. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hutengwa kabla ya kukaangwa, maana sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu huo, haiondoki yote kwa moto wa jikoni. Na zilizotengwa hazipewi ng'ombe, kwa vile sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.