Usilipe gunia moja kwa mawili

SWALI: Ndugu mshauri, tulikimbia vita tukakaa Kasongo, na mwaka jana tukarudi kijijini kwetu huku Kabambare. Mpunga tuliovuna ulikuwa kidogo, tukaula wote pamoja na wa mbegu. Sasa mfanyabiashara mmoja anataka kunipa gunia la mbegu kwa mvua za Septemba, nimlipe mawili wakati wa mavuno. Bwana wangu yuko Salamabila kwenye dhahabu na ananiambia niache shamba nimfuate. Nina watoto wanne. Nifanye nini?
Mama, Kabambare

JIBU: Mama, gunia hilo usilichukue. Aliyekula mbegu ili watoto wasilale na njaa hana lawama, ila deni la namna hiyo litakurudisha pale pale mwakani. Utalipa siku za mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Mfanyabiashara huyo ataweka magunia yako ghalani, na miezi michache baadaye atakuuzia wewe mwenyewe kwa bei ya njaa.

Najua Maniema ni nchi ya mpunga tangu karne ya 19, waungwana wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe, walipoulima Kasongo. Lakini mpunga uliokauka, uliokwisha kutiwa guniani, mwenye bunduki huubeba usiku mmoja. Muhogo umo udongoni, na anayetaka kuuiba lazima akae auchimbe. Mkikimbia tena, Mungu aepushe, mtaukuta. Kwa hiyo msimu huu tanguliza muhogo, na mpunga uwe kidogo, kwa mbegu isiyo na deni la mfanyabiashara.

Vijiti vya muhogo huombwa kwa jirani. Usipokee fungu lililokwisha kukatwa. Nenda shambani mwenyewe, mmea ungali na majani. Majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya manjano, ni ugonjwa wa batobato, ule mabwana shamba wanaouita mozaiki. Mmea huo upite, hata kama shina lake ni nene. Kisha mwombe mwenye shamba akukatie kiazi kimoja uone ndani: ukikuta madoa ya kahawia yaliyokauka, liache shamba zima. Katika shina zuri lililokomaa kata vijiti vya shubiri moja. Muhogo utakuchukua miezi tisa hadi mwaka, basi kati ya mistari weka karanga na kunde, na pembeni viazi vitamu, mle wakati mnasubiri. Sombe chuma kwa kiasi, maana ukiupokonya mmea mchanga majani yake yote, kiazi hakinenepi.

Liko jambo linalonitia hofu kuliko yote. Watu waliokimbia, wakiwa na njaa, huloweka muhogo mchungu usiku mmoja tu na kuutwanga. Sumu inabaki ndani. Anayeula hivyo wiki kwa wiki, bila maharagwe wala samaki, anaweza kupatwa na konzo: miguu inakakamaa ghafla na haiponi tena. Daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1938 kutoka Kwango, na mpaka leo unawapata zaidi wanawake na watoto. Loweka siku tatu kamili au zaidi, mpaka muhogo ulainike, kisha uanike juani hadi ukauke kabisa. Hata kama wageni wamefika na sufuria iko motoni, usipunguze siku.

Mbegu ya mpunga itafute kwenye AVEC, chama cha kuweka akiba na kukopeshana. Njia hiyo ilianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, na sasa imeenea Kongo. Kama kwenu hakuna, kusanyeni akina mama mnaoaminiana na muanze hata kwa mbegu badala ya franki: kila mmoja alete vikombe vyake baada ya mavuno, na anayekopa arudishe na nyongeza ndogo mliyokubaliana. Fedha ikiwepo, ikopesheni yote siku ya mkutano, sanduku lilale tupu. Sanduku lililojaa huwaita wezi.

Kuhusu bwana wako, usimfuate. Mwaka 2019 kampuni ya dhahabu ya Banro, licha ya kuwa na walinzi, ilisimamisha kazi mgodini Namoya, huko huko upande wa Salamabila, kwa kukosa usalama. Mama mwenye watoto wanne atajilindaje huko? Mwambie kwa heshima kwamba wewe unabaki, na umwombe arudi kiangazi hiki kufyeka, kazi ambayo peke yako itakuumiza. Akipata chochote, atume kidogo kidogo kwa mtu mnayemwamini, asingoje siku atakayopata kingi.

Nanyi mnaogawa mbegu Kasongo na Kabambare, nawasihi: zifikisheni kabla ya Septemba. Zikifika Novemba, zinaliwa.