Viungo vya Mwili: Kwa Nini Vingine Huteguka

Popote mfupa unapokutana na mfupa mwenzake pana kiungo, hata kama hapachezi. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana kwa nyuzi imara na haisogei. Ya mtoto mchanga bado imeachana, ndiyo maana utosi hubonyea. Ule wa mbele kwa kawaida hufunga kabla ya miaka 2. Ukididimia mtoto anapoharisha, amepungukiwa maji: mwahisheni kituo cha afya.

Aina ya pili ya viungo, baada ya hiyo isiyosogea, imeungwa kwa gegedu na husogea kidogo tu. Ndiyo iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, na kwa mbele, kwenye kinena. Cha kinena hulegea wakati wa ujauzito. Mama mjamzito akilalamika maumivu anapojigeuza kitandani, hasingizii.

Ya tatu ni goti, bega, kiwiko, nyonga na vidole. Humo ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, ndani ya mfuko wenye ute. Gegedu hilo halina mishipa ya damu. Hujilisha kwa ute huo kiungo kinapochezeshwa. Kwa hiyo bibi mwenye magoti yanayouma asilazwe kutwa nzima. Atembee kadiri awezavyo.

Bega huzunguka pande zote kwa kuwa kishimo lilimokaa hakina kina, na ndiyo sababu huchomoka upesi kuliko nyonga. Kiwiko hukunjuka na kukunjika kama bawaba, lakini kwa watoto walio chini ya miaka 5 kina udhaifu wake. Dada anamvuta mtoto mkono wavuke barabara, au baba anamning'iniza kwa mchezo, na kano iliyozunguka kichwa cha mfupa mmoja wa kigasha inateleza na kubanwa. Mtoto hulia, kisha mkono unalegea ubavuni na hataki kushika nao hata biskuti. Kwa kuwa hakuna uvimbe, wengi hudhani anadeka. Msimkande wala msimvute tena. Mhudumu wa afya akihakikisha hakuna mfupa uliovunjika, hukirudisha mara moja. Siku nyingine mnyanyueni kwa kumshika kwapani.

Kiungo kilichovimba ghafla na kupata moto, tena mgonjwa ana homa, kisisubiri kesho. Huenda kina usaha, nao huharibu gegedu ndani ya siku chache. Dawa ya kuchua haiufikii.