Penseli Kabla ya Rangi

Somo: 1 Mambo ya Nyakati 28:11–21

Tuingiapo katika kanisa lenye picha ukutani, twasifu rangi. Ni wachache wanaouliza kazi ilianzia wapi. Ilianza kwa penseli na karatasi. Hata Daudi alimkabidhi Sulemani ramani ya hekalu kabla ya ujenzi kuanza.

Tutazame mfano mmoja. Katika kijiji cha Burghclere, Uingereza, limo kanisa dogo la ukumbusho liitwalo Sandham, lililowekwa wakfu mwaka 1927. Mchoraji wake, Stanley Spencer, alikuwa mhudumu wa hospitali na askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923, kabla jengo halijakuwapo, alikwisha kuzipanga kuta zake kwenye karatasi. Bwana na Bibi Behrend walipoiona michoro ile, wakakubali kuigharimia kazi. Rangi ilimalizika mwaka 1932.

Je, mchoro mdogo huhamiaje ukutani? Mchoraji huupigia mistari ya miraba. Mchoro wenye upana wa sentimita 30 ukiwa na miraba ya sentimita 3, basi ukuta wa mita 3 hupigwa miraba ya sentimita 30, hesabu ile ile. Kisha hunakili mraba mmoja mmoja. Ndivyo alivyozoea Spencer. Hapo msanii na fundi ni mtu mmoja, sawa na seremala apimaye ubao kabla ya kuukata. Penseli hufutika, kosa lililokwisha kupakwa rangi ni gharama.

Naye alichora nini? Watu wanaosugua sakafu na kutandika vitanda vya wagonjwa. Nyuma ya altare, askari waliofufuka wanamkabidhi Kristo misalaba yao. Kazi ya mikono haikuachwa nje ya kanisa.

Kwetu, mara nyingi twamlipa mchoraji kwa siku za rangi tu. Siku za penseli twaziona si kazi. Hivyo twamnyima fundi haki yake, naye akilazimika kuharakisha, kosa hubaki ukutani miaka mingi mbele ya watoto wetu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni kazi gani za matayarisho katika mtaa wetu zisizoonekana wala kushukuriwa?
2. Tukimwita fundi kulipamba kanisa, tutapatanaje naye juu ya siku za kuchora?